Vita havimpelekei mtu kitu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, Morogoro. Niliandika ubaoni: "Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani vilipelekea Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyokomesha utumwa." Mwenzangu anadai "marekebisho" ni kosa, niandike "mabadiliko". Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, mwalimu. Mabadiliko ni neno pana, hata hali ya hewa inayo. Katiba, neno tulilolipata kwa Waarabu kutoka kitenzi chao cha kuandika, hufanyiwa marekebisho. Na hayo ya 13, ya 14 na ya 15 yamezoeleka kwa jina hilo. Mwenzako apumzike.

Sasa tuje kwenye hilo "vilipelekea", ambalo nyote wawili mmelipita kama hamkuliona. Kupelekea ni kumpelekea mtu kitu: mpelekee bibi uji. Yupo anayepeleka, upo uji, yupo bibi. Je, vita hivyo vilibeba uji gani, na bibi mwenyewe ni nani? Uji ulifika ukiwa moto?

Ukikitaka kitenzi hicho kwa kazi yake halali, historia hiyohiyo inakupa nafasi. Januari 31, 1865, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha rasimu ya Marekebisho ya 13 kwa kura 119 dhidi ya 56, kisha majimbo yakapelekewa yairidhie. Hapo sina neno. Desemba mwaka huo robo tatu ya majimbo iliyohitajika ikatimia.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba "vilipelekea" humficha mtendaji. Watumwa walitoroka mashambani wakakimbilia kambi za jeshi la Kaskazini, lililopigana na majimbo ya Kusini yenye utumwa. Wanaume Weusi wapatao 180,000 wakavaa sare za jeshi hilo. Baraza hilohilo lilikuwa limeikataa rasimu mwaka 1864, ikabidi irudishwe. Hao wote wamemezwa na kitenzi kimoja, na mtoto wa kidato cha tatu anaondoka akidhani mambo yalijiendea tu.

Vipo "vilisababisha", "vilileta", "vilizaa". Chagua. Wanafunzi wakikuandikia "ilipelekea", basi, usiwakate alama. Wamelinyonya redioni, na redio siiwezi.

Ila ukirudi ubaoni, baada ya "yaliyokomesha utumwa" ongeza "isipokuwa kama adhabu ya uhalifu". Maneno hayo yamo ndani ya Marekebisho ya 13 yenyewe, na kwa mlango huo maelfu ya Weusi wa Kusini walirudishwa kazini bila ujira, wakiwa wafungwa wa kukodishwa.