Barua kwa mwanangu: pendekezo lililowekwa mezani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema mmejibiwa kwa Kiingereza kwamba pendekezo lenu "has been tabled", kwamba nusu ya wenzako ofisini wanapongezana na nusu wamekwishakata tamaa, na kwamba kamusi uliyoifungua imekupa maana mbili zinazopingana. Unauliza kamusi imekosea wapi. Haikukosea. Neno "table", ambalo tulikufundisha ungali mdogo kwamba ni meza, lina mambo mengi kuliko tulivyokuambia.

Nianze na hilo linalowasumbua. Mwingereza akitumia "table" kama kitenzi, ana maana ya kuwasilisha hoja ili ijadiliwe. Katika Bunge la Uingereza ipo meza halisi mbele ya Spika, makatibu huketi hapo, na hati huhesabiwa kuwa zimetolewa rasmi zikishawekwa juu yake. Nasi tunafuata njia hiyo hiyo tunaposema kwamba hati zimewasilishwa mezani. Mmarekani akitumia kitenzi hicho hicho, ana maana ya kuiweka hoja kando, na katika Baraza la Wawakilishi la Marekani hoja iliyopigiwa kura ya namna hiyo kwa kawaida ndiyo imezikwa. Tendo ni moja, la kuweka karatasi mezani, ila mmoja anaiona karatasi ikiwa mbele ya macho ya wote, na mwingine anaiona imetuliwa kutoka mikononi. Winston Churchill alieleza katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili ya Dunia jinsi maofisa wa Uingereza walivyowaambia wenzao wa Marekani kwamba wanataka kuu-"table" waraka wa haraka, nao Wamarekani wakaelewa kwamba utiwe katika mtoto wa meza na kusahauliwa. Wakabishana muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote wanataka jambo moja. Basi wenzako wasilaumiane.

Ukitaka kujua kwa nini neno moja limebeba mizigo yote hii, pitisha kiganja juu ya meza uliyoiegemea sasa, na miguu yake uisahau. Huo ubapa ndio asili ya neno. Kwa Kilatini "tabula" ilikuwa ubao: ubao wa seremala, na pia ubao wa kuandikia, ambao Warumi waliupaka nta na kuukwaruza kwa kalamu yenye ncha kali. Kwa upande mmoja tukapata samani ya kulia chakula, na kwa upande mwingine maandishi yaliyopangwa kwa safu, ambayo sisi tunayaita jedwali. Ndiyo maana kwa Kiingereza neno ni hilo hilo kwa meza, kwa jedwali la kuzidisha na kwa orodha ya yaliyomo kitabuni, ilhali Kiswahili kilichukua meza kwa Wareno na jedwali kwa Waarabu, kikazitenga. Mimi naona lugha yetu imetutendea wema hapo. "Tablet" nayo ni kibao kidogo tu, iwe ni bamba la mawe lenye maandishi, kidonge cha dawa, au hicho kishikwambi chako.

Kabla ya Kifaransa cha Wanormani, walioiteka Uingereza mwaka 1066, hakijaenea huko, meza ilikuwa ikiitwa pia "board", na maana yake ilikuwa ubao vilevile. Neno hilo lilisukumwa pembeni lakini halikufa: watu walioketi kuizunguka meza wakaitwa kwa jina lake, na hiyo ndiyo bodi iliyolipokea pendekezo lenu.

Mengine nitayataja kwa haraka. "Water table" ni kimo cha juu cha maji yaliyo ardhini, usije ukaandika meza ya maji. Malipo ya "under the table" ni ya siri. "Turn the tables" ilitoka katika michezo ya ubaoni iliyoitwa "tables", nawe huna haja ya kuhangaika kuitafsiri, kwa kuwa Waswahili husema kibao kimegeuka.

Sasa nirudi kwenye jibu mlilopewa. Umeniambia kwamba tarehe yake imetanguliza mwezi kabla ya siku, na kwamba "program" imeandikwa kwa tahajia fupi ambayo Mwingereza huiacha kwa kompyuta tu. Dalili zote mbili ni za Marekani, kwa hiyo nadhani pendekezo lenu limewekwa kando, ingawa sioni neno lolote la kulikataa. Katika tafsiri yako usiandike "limewasilishwa"; andika "limeahirishwa", kisha waulize leo hii litarudishwa lini, ukitumia "postponed", ambalo pande zote mbili hulielewa kwa namna moja. Wakikujibu, niandikie.

Mama yako