Kubadili pini au kung'oa kitasa kizima: niliyoyaona kwenye milango yangu

Ndugu yangu, hongera kwa nyumba. Umesema mwenye nyumba wa zamani kakuachia funguo mbili za kila mlango, hujui nyingine ziko mikononi mwa nani, na mafundi wawili wamekuchanganya: mmoja anataka ang'oe vitasa vyote, mwingine anasema kubadili pini tu kunatosha, yaani vile vijiti vidogo vya ndani ya kitasa vinavyofuata meno ya ufunguo. Mimi nimepita njia zote mbili, na mara ya kwanza nilikosea, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa urefu.

Hapo kuna maswali mawili, na usikubali mtu akuchanganyie. La kwanza: nani ana ufunguo wa mlango wako? La pili: kitasa chenyewe ni kizima? Kubadili pini kunajibu lile la kwanza peke yake. Kitasa kilichochoka kitabaki kimechoka hata ukikipa ufunguo mpya unaong'aa. Na ukinunua kitasa kipya kwa sababu tu umepoteza ufunguo, unaweza kuondoa kitu kizuri ukaweka kibovu. Hilo ndilo lililonipata mimi.

Nilipoteza ringi nzima ya funguo, tena yenye kikaratasi cha namba ya nyumba. Nikaingiwa na hofu, jioni ile ile nikanunua vitasa vitatu vya bei ya chini, fundi akafunga, nikalala. Kile cha mlango wa nyuma nilichokitoa kilikuwa kizito mkononi, shaba tupu, ulimi wake, kile chuma kinachotoka kuingia kwenye fremu, mnene na haukulegalega hata kidogo. Kipya hakikumaliza mwaka. Mkono wa kitasa ukalegea, ulimi ukawa unaingia nusu, ikabidi nisukume mlango kwa goti ndipo ufunge. Kile cha zamani nilishakitupa. Mpaka leo naumia, maana kilichopotea kilikuwa ufunguo, kitasa hakikuwa na kosa lolote.

Mara ya pili mpangaji alihama bila kurudisha ufunguo. Safari hii nilimwita mzee mmoja ambaye kazi yake ni funguo tu, nikakaa pembeni nitazame. Akatandaza kitambaa cheupe mezani ili pini zisipotee. Akaingiza ufunguo, akageuza kidogo, kisha akakisukuma nje kiini, yaani ile sehemu inayozunguka pamoja na ufunguo, huku akikifuata nyuma kwa kijiti cha mviringo chenye unene ule ule. Bila kijiti hicho springi zinaruka. Ndani ya kiini kulikuwa na matundu matano, kila moja na pini yake ndogo ya shaba, hakuna mbili zilizofuatana zenye urefu sawa. Hapo ndipo nilipoelewa. Kila tundu lina pini mbili zilizokaa kichwa kwa kichwa, springi inazisukuma, na meno ya ufunguo kazi yake ni kuzipandisha mpaka pale zinapokutana pawe sawasawa na ukingo wa kiini. Moja ikizidi au ikipungua, kiini hakigeuki. Ndio utaratibu aliouboresha Mmarekani Linus Yale Mdogo miaka ya 1860, na umo kwenye milango mingi hadi sasa.

Mzee akamwaga pini zile tano, akachukua nyingine kwa kibano, akazipanga kufuata ufunguo mpya, akarudisha kiini. Kisha akanipa ufunguo wa zamani: "Jaribu." Ukaingia wote, nikageuza, ukagoma. Sikuwa nimewahi kufurahi hivyo kuona ufunguo wangu mwenyewe ukikataliwa. Mlangoni palibaki vile vile, hapakuwa na tundu jipya wala mbao iliyochongwa.

Sasa kabla hujaamua, nenda kwenye kila mlango ukiwa na ufunguo mkononi. Ingiza, geuza kidogo, kisha ujaribu kuuchomoa ufunguo ukiwa bado umegeuka hivyo. Ukitoka, kiini kimelika, pini mpya hazitakusaidia. Sikiliza kama inabidi uubembeleze, kuuvuta nje kidogo ndipo ugeuke. Fungua mlango, toa ulimi, uusukume kwa kidole gumba: ukirudi ndani baada ya kuufunga kwa ufunguo, au ukicheza juu na chini, kitasa hicho kimekwisha. Angalia kutu, angalia alama za bisibisi au nondo pembeni. Kitasa kilichowahi kulazimishwa nisingekiamini hata kikifanya kazi vizuri leo.

Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu kwenye mlango wa tatu nilimlazimisha yule mzee abadili pini ingawa aliniambia kiini kimelika. Nilitaka kuokoa pesa. Baada ya miezi michache kikakwama mama yangu akiwa ndani peke yake. Alitoka salama, lakini mlango tuliuvunja. Kwa hiyo fundi wa funguo akikuambia hapana, msikilize.

Kuna njia ya katikati ambayo mafundi wako hawakuitaja. Kama kitasa chako ni cha silinda, yaani ukitazama ubavu wa mlango unaona skrubu moja ndefu usawa wa tundu la ufunguo, unaweza kubadili silinda peke yake, yaani kile kipande chenye kiini na pini. Unafungua skrubu hiyo, unaingiza ufunguo, unageuza kidogo mpaka kile kijino cha katikati kilingane na mwili wa silinda, unaivuta inatoka. Mwili wa kitasa unabaki ndani ya mlango. Pima kuanzia katikati ya tundu la skrubu hadi kila ncha, maana pande mbili hazilingani kila mara: 35 kwa 45 si sawa na 40 kwa 40, ingawa jumla ni mm 80 zote. Na isitokeze nje zaidi ya mm 3 hivi. Silinda iliyotokeza inashikika kwa koleo, ikavunjwa pale kwenye tundu la skrubu ambapo chuma ni chembamba.

Vile vya ufunguo mrefu wenye bapa mwishoni havina pini, ndani kuna vibati vilivyopangwa. Hivyo mara nyingi ni rahisi kununua kingine cha kipimo kile kile. Nenda dukani na cha zamani mkononi. Hata mm 2 za tofauti kati ya tundu la mkono na tundu la ufunguo zitakulazimisha kuchonga mlango upya.

Jambo jingine, na hapa watu wanapuuza sana: tazama bati la kwenye fremu, lile ulimi unapoingia. Langu lilikuwa limeshikwa na skrubu mbili fupi ambazo hazikufika popote. Teke moja lingetosha, hata kitasa kiwe kizuri namna gani. Kama fremu ni ya mbao, weka skrubu za mm 75 zipenye mpaka ukutani. Kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Kwa hali yako, mimi ningefanya hivi. Mlango wa mbele uliosema unageuka laini, badili pini au silinda, na ufanye wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi, kwa sababu hujui funguo ziko wapi. Wa nyuma uliosema lazima uuinue kidogo ndipo ufunge, kwanza kaza bawaba. Huenda kitasa hakina kosa, mlango umeshuka tu. Ukishakaa sawa na ulimi bado unasumbua, ng'oa, nunua kipya. Ukiweza, mwombe fundi milango yote miwili ifuate ufunguo mmoja, ila hesabu nakala na ujue kila moja iko kwa nani. Funguo usizipige picha ukamtumia mtu, maana meno yakionekana vizuri yanatosha kuchongea mwingine.

Fundi akimaliza, jaribuni kila ufunguo mlango ukiwa wazi, pande zote mbili, pamoja na ule wa zamani. Usiufunge mlango mpaka uwe umeona mwenyewe kwamba funguo mpya zote zinageuka na wa zamani unagoma.