Umeme ukikatika, chomoa grenda kwanza

Kwenye karakana yangu Buguruni, juu ya meza ya kukatia vyuma, kuna ndala moja ya mguu wa kushoto inaning'inia kwenye msumari. Imechanwa kuanzia penye kidole gumba mpaka katikati, mkato umenyooka utadhani ni kisu kimepita kwenye mkate. Wateja wanaokuja kuulizia bei ya geti huwa wananitania kwamba ni dawa ya biashara. Si dawa.

Mwishoni mwa mwaka 2023, wakati wa ule mgao wa umeme, nilikuwa nakata skwea paipu za geti. Grenda yangu, ile mashine ya mkono ya kukatia vyuma, ni ndogo, ya inchi nne na nusu, swichi yake ni ya kusukuma: ukiipeleka mbele inajifunga yenyewe, huna haja ya kuishikilia. Kwa kazi ya kutwa nzima ni raha, kidole hakichoki. Umeme ukakatika nikiwa katikati ya paipu. Jiwe, yaani kile kisahani kinachozunguka na kukata, likapunguza mwendo, likasimama. Nikaiweka grenda mezani, nikanawa mikono, nikavuka barabara kwenda kwa mama ntilie kunywa chai. Swichi nimeiacha hukohuko mbele. Hata sikuwaza.

Kijana wangu wa kazi alibaki amekaa kwenye ndoo pembeni ya meza, anachezea simu. Baada ya kama dakika 20 nikasikia mtaa mzima unashangilia, redio zinawaka, halafu mlio wa grenda. Mlio ule naujua hata usingizini, na aliyetakiwa kuwa ameishika ni mimi niliyekuwa na kikombe mkononi. Niliuacha mkeka na chapati nikakimbia.

Grenda ikiwaka bila mtu kuishika haitulii. Iliruka kutoka mezani, ikagusa sakafu, jiwe likaisukuma kama tairi, ikampitia dogo mguuni, kisha ikajiviringishia waya wake na kuukata. Cheche moja kubwa, sakiti breka ikajizima, kimya. Kilichoizuia ni kule kujikata waya. Dogo alishonwa nyuzi sita kati ya kidole gumba na cha pili.

Kwa hiyo kwangu sasa umeme ukikatika, kabla hata ya kulalamika, kila mtu anarudisha swichi ya mashine aliyoishika na kuchomoa plagi. Vyote viwili. Swichi peke yake unaweza kuigusa kwa bahati mbaya, na plagi peke yake kuna mtu atakuja kuichomeka bila kuangalia. Zipo grenda ambazo umeme ukirudi hazijiwashi mpaka urudishe swichi nyuma na kuiwasha upya. Ukienda dukani kununua, ijaribu: itolewe jiwe kabisa, uishike kwa nguvu mikono miwili, weka swichi mbele, mwambie muuzaji achomeke plagi. Ikizunguka, haina kinga hiyo. Bado unaweza kuinunua, ila ujue umenunua nini. Ikiwezekana chukua yenye swichi ya kubana kwa kiganja, ukiiachia inazima.

La pili ni mawe, na hapa nitagombana na mafundi wenzangu. Kutoa kava ili jiwe kubwa lienee kwenye grenda ndogo ni kazi ninayoiona kila wiki. Soma jiwe lenyewe, limeandikwa. Mawe mengi ya kukatia vyuma yametengenezwa kwa mwendo usiozidi mita 80 kwa sekunde pale ukingoni, yaani karibu kilomita 290 kwa saa. Jiwe la inchi 7 huandikwa mizunguko 8,500 kwa dakika. Grenda ndogo inazunguka kama 11,000. Piga hesabu: ukingo wa jiwe hilo unafika zaidi ya mita 100 kwa sekunde, na kava ambalo lingezuia vipande umelitupa chini ya meza. Na wale wanaofunga msumeno wa mbao wenye meno kwenye grenda, hao sina la kuwaambia zaidi ya kwamba meno yakinasa, mashine inarudi kwa mwenyewe, shingoni au pajani.

Kwenye kile kipete cha chuma katikati ya jiwe kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa kulitumia. Wengi hawajui. Gundi inayoshika jiwe huharibika, na unyevu wa Dar es Salaam unaiharakisha, kwa hiyo usiyapange sakafuni kwenye simenti. Mimi nayaweka kwenye kopo la rangi lenye mfuniko, juu ya rafu.

Jiwe kuvunjika mara nyingi si kosa la jiwe. Paipu ukiiegemeza ncha mbili ukaikata katikati, inabonyea kwa uzito wake, mkato unajibana, jiwe linanasa na mashine inaruka. Egemeza upande mmoja, kile kipande unachokitoa kiachwe kining'inie ili kidondoke chenyewe. Na usisimame kwenye mstari wa jiwe, simama pembeni kidogo.

Macho: miwani ya jua si miwani ya kazi. Kichuma kikiingia jichoni usikubali rafiki akitoe kwa njiti ya kiberiti, hata akuambie ameshawatoa watu kumi. Kinaanza kupata kutu humohumo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ekstensheni ya kuviringisha itandaze yote kabla ya kuwasha mashine kubwa, ikiwa imeviringwa inachemka mpaka plastiki inayeyuka. Watu huniuliza pia kwa nini grenda ina pini mbili tu, haina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini ukivuja. Tazama kibandiko chake, ukiona mraba ndani ya mraba, imefunikwa mara mbili ndani na haihitaji ethi. Lakini ufa kwenye bodi yake ukiuziba kwa selotepu, kinga hiyo umeshaiua.

Siku aliyotolewa nyuzi nilikwenda na dogo soko la Karume kumtafutia buti za mtumba zenye chuma mbele. Muuzaji wa kwanza aliapa kwamba zake zina chuma. Dogo akatoa mfukoni sumaku ya spika mbovu, akaigusisha puani pa buti, ikadondoka. Tulizunguka vibanda vinne mpaka iliponasa.