Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Mitutu Mitatu Niliyoachiwa na Baba Mkwe

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeolewa katika jimbo la Thüringen, Ujerumani, na nina leseni ya uwindaji ya huku. Marehemu baba mkwe ameniachia drilingi iliyotengenezwa Suhl, yenye mitutu miwili ya marisau juu, geji 16 (kipimo cha upana wa mtutu), na mmoja wa raifo chini. Chini ya mitutu nimeona taji lenye herufi N, nambari 9,3 na 72, na tena 8.27. Fundi mmoja anashauri aichonge chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inakoingia risasi, ili ichukue risasi ya kisasa yenye nguvu, niweze kuwinda nguruwe mwitu. Nikubali?

JIBU: Dada yangu, pole kwa msiba. Usikubali. Chemba ikishachongwa hairudishiki, na utakuwa umeharibu bunduki nzuri kwa kuilazimisha kazi ambayo haikuundiwa.

Mihuri uliyoiona inaeleza karibu kila unachohitaji kujua. Nambari 8.27 ni mwezi na mwaka ambao bunduki ilipimwa na ofisi ya serikali, yaani Agosti 1927, na herufi N chini ya taji ni ushahidi kwamba ilipimwa kwa baruti isiyotoa moshi. Raifo yako ni ya risasi iitwayo 9,3×72R (kipenyo na urefu wa ganda kwa milimita), ambayo ganda lake ni refu lakini shinikizo lake ni la chini, kiasi cha bari 2,000, ilhali 9,3×74R, ambayo bila shaka ndiyo fundi huyo anayoifikiria, hufika bari 3,400. Tofauti hiyo itabebwa na bawaba na komeo za mwaka 1927, huku shavu lako likiwa juu yake.

Sheria nayo imekwisha kukuchagulia mnyama. Kwa paa wadogo wa misitu ya huko, sheria ya uwindaji ya Ujerumani inataka risasi iwe na nguvu isiyopungua jouli 1,000 ikiwa umbali wa mita 100. Kwa nguruwe mwitu na wanyama wengine wenye kwato inataka kipenyo kisichopungua milimita 6.5 na jouli 2,000 kwa umbali huohuo. Risasi yako hutoka mdomoni mwa mtutu ikiwa na jouli 2,000 na kidogo tu, kwa hiyo ikifika mita 100 inamtosha paa lakini haimfai nguruwe. Wala usidhani mitutu ya marisau itaziba pengo hilo, maana kumpiga mnyama mwenye kwato kwa marisau kumekatazwa. Ichukue drilingi uende nayo kwa paa, sungura na mbweha, kwa sababu mwindaji wa zamani aliyetoka asubuhi bila kujua atakutana na nani ndiye aliyeundiwa bunduki hii.

Kabla ya hapo, chemba za marisau zipimwe. Bunduki nyingi za Kijerumani za geji 16 zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili zina chemba ya milimita 65, nayo risasi ya kawaida dukani leo ni ya milimita 70. Hatari yake ni kwamba risasi ndefu huingia bila taabu na bunduki hufungika vizuri, kwa kuwa urefu huo hupimwa ganda likiwa limekwisha kufunguka; wakati wa kufyatua ndipo mdomo wa ganda unapokosa nafasi ya kukunjuka na shinikizo likapanda. Risasi za milimita 65 bado zinatengenezwa, basi nunua hizo, na usiweke marisau ya chuma katika mitutu ya zamani ambayo ncha zake zimebanwa.

Kisha itenganishe mitutu na kitako, uining'inize kwa kidole kwenye ndoano iliyo chini yake, na uigonge taratibu kwa kijiti. Ikilia kwa sauti safi inayodumu, ulehemu unaoishikanisha ni mzima. Ikitoa mlio mfu, mpelekee fundi mwingine, si huyu wako. Ulehemu huohuo ndio sababu ya kupiga raifo pole pole uwanjani: mtutu mmoja ukipata moto huvutana na wenzake na risasi huhama shabaha, kwa hiyo subiri upoe kila baada ya risasi moja. Msituni, risasi ya kwanza kutoka mtutu baridi ndiyo yenye maana.

Zoea pia kitufe cha kuchagua mtutu. Ukikisukuma, kilengeo cha nyuma huinuka na kifyatulio cha mbele huhamia kwenye raifo. Katika drilingi nyingi kifyatulio hicho kikisukumwa mbele huwa chepesi mno, hivyo usikitayarishe kabla hujamlenga mnyama. Na ikiwa bado hujaiandikisha, fanya haraka, kwani mrithi hupewa mwezi mmoja tu tangu akubali urithi.

SWALI: Kwa nini drilingi za jeshi la anga la Ujerumani huuzwa ghali kuliko nyingine? Msomaji, Arusha.

JIBU: Ni kwa sababu ya uchache na historia yake. Kampuni ya Sauer ilitengeneza takriban 2,500 tu mwaka 1941 na 1942, za geji 12 na raifo ya 9,3×74R, zikiwekwa katika sanduku la alumini kwa ajili ya marubani walioweza kuanguka mbali na msaada. Kwa uwindaji hazimzidi ndugu yake wa kiraia aliyetoka kiwandani humohumo. Mkusanyaji anayelipia muhuri wa tai wa jeshi hilo alinganishe kwanza nambari za mitutu, bodi (chuma inayoshikilia mitutu) na sanduku, maana tai huweza kugongwa upya na mtu yeyote mwenye nyundo na chapa.