Kona ya Lugha: Maswali Yenu Kuhusu Vitenzi vya Kiingereza

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi katika shirika moja lisilo la kiserikali hapa Dodoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika ripoti za robo mwaka kwa Kiingereza. Ripoti yangu ya kwanza ilirudi ikiwa imepigiwa mstari mwekundu kila penye "get", "make" na "do", na mkuu wangu akasema Kiingereza changu ni cha kidato cha pili. Nikakariri orodha ya vitenzi 200 niliyoipata mtandaoni. Katika ripoti iliyofuata nikaandika "We endeavoured to commence the utilization of the borehole", naye akaandika pembeni: "Kwa hiyo maji yalitoka au hayakutoka?" Nifanyeje? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba, dada. Mara zote mbili mkuu wako alikuwa akilalamikia jambo lile lile, yaani kwamba kitenzi chako hakimwambii kilichotokea. "Endeavour" ni kujitahidi, na anayejitahidi huenda akashindwa. Ndiyo maana msomaji wako hakujua kama kisima kinatoa maji. Kama kinatoa, ungeandika "The borehole now supplies water to the village", na kitenzi "supply" kingefanya kazi yote bila kelele. Vitenzi vya ngazi ya juu havipimwi kwa urefu wala kwa ugeni wake masikioni. Hupimwa kwa jinsi vinavyobana maana.

Anza na kitenzi chetu "pata", ambacho nashuku ndicho kinachokusukuma kwenye "get" kila mara. Kwa Kiswahili tunapata hasara, tunapata kibali, tunapata majeraha, tunapata uzoefu, tunapata ufadhili na tunapata hata ugonjwa, na hakuna anayetulaumu, kwa sababu nomino inayofuata ndiyo inayobeba uzito. Kiingereza cha maandishi rasmi hupenda uzito huo ugawiwe kitenzi. Hasara au gharama mtu hu-"incur", kibali hu-"obtain", majeraha hu-"sustain", uzoefu hu-"gain", ufadhili hu-"secure", na ugonjwa hu-"contract". Chukua daftari, andika "pata" juu ya ukurasa, kisha chini yake andika jozi hizo zikiwa kamili, kitenzi pamoja na nomino yake. Usiandike "incur" peke yake. Andika "incur losses", kwa kuwa ukikikariri peke yake utakuja kuandika kwamba mtu ame-"incur" cheti cha kuhitimu, jambo ambalo litamfanya msomaji adhani cheti hicho ni balaa.

Ukurasa wa pili uwe wa "punguza", kitenzi ambacho watu wa miradi mnakitumia kuliko chumvi. Idadi au gharama hu-"reduce". Maumivu na umaskini hu-"alleviate". Athari, kwa mfano za ukame, hu-"mitigate", maana yake ukame wenyewe umebaki palepale ila makali yake yamepozwa. Jambo linaloenea ovyo, kama matumizi mabaya ya fedha, hu-"curb". Nimewahi kusoma ripoti iliyodai kuwa mradi uli-"mitigate" idadi ya wanafunzi walioacha shule. Kitenzi ni kizuri, lakini kimepelekwa nyumba isiyokuwa yake.

Lipo jambo jingine ambalo ripoti nyingi hulisahau: mara nyingi kitenzi unachokitafuta kimejificha ndani ya nomino uliyokwisha kuiandika. "We did an assessment" ni "We assessed". "We did training for 40 women" ni "We trained 40 women". Kuhusu "We made a meeting", ikiwa mlikutana tu, andika "held". Ikiwa ni ninyi mlioitisha watu, andika "convened". Tofauti hiyo ni ile ile ya kufanya mkutano na kuuitisha.

Ukijiuliza kwa nini Kiingereza kina vitenzi vingi vinavyokaribiana hivyo, sababu kubwa ni historia. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, watawala walizungumza Kifaransa, raia wakabaki na lugha yao, na wasomi wakaandika Kilatini. Karne zilizofuata zikaviweka vyote katika kapu moja. Ndiyo maana kuna "ask" ya wenyeji, "question" iliyotoka Kifaransa, na "interrogate" ya Kilatini. Hilo lisikutishe, kwa sababu nasi tunazo ngazi kama hizo: "uliza" ni neno la Kibantu, ilhali "hoji" na "saili" yametoka Kiarabu. Sokoni unauliza bei ya nyanya, polisi wanamhoji mtuhumiwa, na mwombaji wa kazi husailiwa. Hakuna aliyekukaririsha tofauti hizo. Ulizizoea kwa kusikia kila neno likiwa na watu wake.

Sina ugomvi na orodha, ila na orodha zisizo na sentensi. Iliyo ya manufaa kwa mwandishi wa ripoti ni ile iliyotolewa mwaka 2000 na Averil Coxhead wa New Zealand, yenye familia 570 (yaani neno pamoja na ndugu zake, kama "assess" na "assessment") za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali. Humo wamo "assess", "establish", "indicate" na "identify", ambao utakutana nao kila siku ya kazi, na "endeavour" hayumo. Si maneno yote yaliyo vitenzi, lakini ukijifunza matano kwa wiki, kila moja likiwa ndani ya sentensi uliyoiandika kutokana na kazi yako mwenyewe, utayamaliza kwa miaka miwili na miezi kidogo. Yeyote anayekuahidi kuyamaliza kwa mwezi mmoja anauza kitu.

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nina duka la dawa za mifugo. Nilibandika tangazo lisemalo "Prices have raised", mteja mmoja akanisahihisha mbele ya watu. Kila nikijaribu kushika tofauti ya "rise" na "raise", au "lie" na "lay", inaniponyoka. (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Tofauti hiyo unaitumia kila siku kwa Kiswahili: ni panda na pandisha, lala na laza. Bei zimepanda zenyewe, basi "Prices have risen". Wewe ndiye umepandisha bei, basi "We have raised our prices". Penye "raise" na "lay" lazima pawepo kitu kinachopandishwa au kulazwa. Kuku naye hu-"lay" mayai. Mtego uliobaki ni kwamba wakati uliopita wa "lie" nao huandikwa "lay", na hapo sina dawa zaidi ya mazoezi.

Zamani lugha iliyozaa Kiingereza ilikuwa na kiambishi cha kutendesha kama "-sha" yetu. Kiambishi chenyewe kilimezwa, kikaacha irabu iliyobadilika katikati ya neno. "Fall" ni kuanguka, na "fell" ni kuangusha mti. Jozi inayokuhusu wewe ni "drink" na "drench", yaani kunywa na kunywesha. Sasa geuza chupa ya dawa ya minyoo ya kondoo iliyo rafuni kwako: neno "drench" liko pale likiwa na maana yake ya kale, ingawa mtaani leo humaanisha kulowesha chapachapa.

Njia hiyo haizai tena vitenzi vipya, kwa hiyo Kiingereza hutumia viambishi vingine vya mwishoni. Fupi huwa fupisha, na "short" huwa "shorten". Rahisi huwa rahisisha, na "simple" huwa "simplify". Sawa huwa sawazisha, na "equal" huwa "equalise", neno unalolisikia kila bao la kusawazisha linapofungwa.

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Wanafunzi wangu huandika "explain me", "discuss about" na "emphasize on". Nimesahihisha mpaka wino umekwisha. (Mwalimu wa sekondari, Unguja)

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu mwenzangu. Kosa la kwanza linatokana na "nieleze": kiambishi "ni" kimekaa ndani ya kitenzi, basi mtoto anatafuta "me" iliyogandana na "explain". Kiingereza hukubali hivyo kwa "give" na "tell", lakini "explain", "describe" na "suggest" hudai "to me".

Kwa makosa mawili yaliyobaki, Kiswahili kiko upande wako, ila wanafunzi wanapita njia isiyo yake. Wanawaza "kuzungumza kuhusu", ndipo "about" inapoingia. Waambie wapitie "jadili". Baraza linajadili bajeti, halijadili kuhusu bajeti, na "discuss" hufuata mkondo huo huo. Vivyo hivyo tunasisitiza jambo, hatusisitizi juu yake. Hiyo "on" wameiazima kwenye nomino "emphasis", ambayo kweli huihitaji. Waandikie ubaoni "sisitiza usafi", na chini yake "emphasize cleanliness", kisha wahesabu maneno ya kila mstari.