Neno "net" kwenye mizani ya samaki: kwa makarani wapya

Ndugu mnaoanza ukarani katika viwanda vya samaki hapa Mwanza, neno la Kiingereza ninalowasihi mlijue vizuri mapema ni "net". Sisi tuliokulia kando ya ziwa tunalifahamu tangu shuleni kwa maana ya wavu, na kwa kuwa hata chandarua tunakiita neti, tunadhani tumelimaliza.

Wiki yangu ya kwanza nilipangiwa mizani ya kupokelea sangara, na fomu ilikuwa na safu mbili, "gross" na "net". Ya kwanza, ya uzito wote kama mizani inavyosoma, niliijaza. Ya pili niliiacha wazi, nikiamini kuwa ni ya wavuvi waliokuja na nyavu, na siku ile hakuna aliyekuja nazo. Msimamizi alichukua kreti iliyosoma kilo 32, akamwaga barafu yote, akairudisha kwenye mizani ikasoma 27, kisha akapima kreti tupu, ikasoma 2. Sangara wenyewe walikuwa kilo 25. Kama malipo yangefuata safu yangu, kiwanda kingenunua kilo 7 za barafu na plastiki kwa bei ya samaki.

Kwa asili haya ni maneno mawili yaliyokutana katika tahajia moja. "Net" ya wavu ni Kiingereza cha kale, ilhali hii ya uzito ilitoka Kifaransa, ambako maana yake ni safi, yaani kitu kilichoondolewa visivyo vyake. Ukiishika maana hiyo ya usafi, utaelewa pia mshahara unaobaki baada ya makato ya NSSF na kodi, faida inayobaki baada ya gharama, na sababu ya katoni za minofu iliyogandishwa ziendazo Ulaya kuandikwa uzito usiohesabu tabaka la barafu lililoifunika.

Sarufi nayo husaidia: "net" ya wavu hupokea "s" ya wingi, ile ya uzito haipokei kamwe. Kitenzi ndicho kigumu zaidi. Mtumbwi ukiandikwa kuwa "netted" kilo 300, umevua kilo hizo. Ukiandikwa kuwa "netted" shilingi 300,000, hakikisha kwanza kwamba mafuta ya injini, barafu na malipo ya wavuvi vimekwisha kutolewa.