Ulikijua kabisa ila hakikutoka? Soma hii kabla ya usaili wako

Jana usiku kuna mdogo wangu mmoja kanitumia meseji: kaka nimekesha wiki mbili nasoma, nimefika kwenye usaili nimeulizwa kitu nakijua kabisa, akili ikawa blanki. Sikulala vizuri, maana yaliyompata yeye yalinipata mimi mwaka jana na mpaka leo yananiuma.

Mimi nimezaliwa Igombe, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria. Mzee mvuvi, mama anaanika dagaa, na diploma ya uvuvi nimeichukua hapa hapa Nyegezi. Nikaitwa usaili, taasisi siitaji, paneli ya watu watano, swali la kwanza kabisa: taja samaki wa Ziwa Victoria unaowafahamu. Jamani! Nikasema sato, sangara, dagaa, furu... kimya. Nikarudia sato. Yule mama wa katikati akaandika kitu, akasema "haya tuendelee", na mimi namwona kamongo kabisa kichwani, yule wa kwenye ndoo ya mzee ana matope mpaka machoni, jina haliji. Nilivyotoka nikapanda daladala nikapitiliza kituo cha kwetu bila kujua.

Miezi ile sikutaka kuongea na mtu. Baadaye nikaanza kusoma mambo ya kumbukumbu na hapo ndipo nilipojielewa. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Rosen na Engle, waliwapa watu kazi kama swali langu: taja wanyama wengi kadiri unavyoweza. Wenye kumbukumbu tendaji kubwa, yaani uwezo wa kushika mambo kichwani huku unayafanyia kazi, walitaja wengi zaidi. Lakini walipoambiwa wataje huku wanafuatilia namba, na wao wakashuka. Sasa nikakumbuka siku ile nilikuwa nimeshika nini: Kiingereza kisikwame, mguu usitikisike, tai isipinde, majina ya Kilatini nisiyachanganye. Cowan mwaka 2001 alieleza kwamba sehemu hiyo ya akili inabeba vitu kama vinne tu kwa wakati mmoja, na vinne vyangu ndio hivyo nimevitaja. Samaki walikuwepo kichwani, ila hapakuwa na nafasi ya kuwatafutia.

Na kuna hili la namna ya kutafuta, kwangu ndio kubwa kuliko yote. Unsworth na Engle mwaka 2007 walionyesha kwamba mwenye uwezo mdogo wa kumbukumbu hiyo anatafuta kwa upana mno, anakusanya na visivyohusika halafu anazama humo humo. Mtu wa ziwani ataelewa haraka, hilo ni kokoro, wavu wa kukokota! Linakokota mchanga, majani, vifaranga, mpaka umpate unayemtaka mikono imechoka. Mwenye ndoano anajua anaitupa wapi.

Jioni moja nikamuuliza mzee, baba, ziwani kuna samaki gani? Hakutaja hata mmoja. Akaniuliza, "wa wapi?" Nikasema wote. Akasema haya, matopeni kwenye matete kuna kambale na kamongo, miambani furu, mvua zikianza ningu anapanda mtoni, kule mbele usiku na taa dagaa, na sangara anayemfuata dagaa. Hakukwama hata sekunde, na shule yake ni darasa la nne. Kila samaki kwake ana mahali, akitaja mahali samaki anakuja mwenyewe.

Basi nikaacha kukesha. Nikawa nafunga daftari natembea ufukweni najiuliza na kujijibu kwa sauti, nikikwama ndio nafungua. Roediger na Karpicke mwaka 2006 walipima hili: baada ya wiki, waliojipima walikumbuka zaidi ya waliorudia kusoma, japo dakika tano baada ya kusoma waliorudia ndio walikuwa mbele. Ndio maana kukesha kunakudanganya ndugu yangu, usiku ule unajiona umeiva.

Mwezi uliopita nimeitwa tena, sehemu nyingine, wakauliza kuhusu uvuvi haramu. Nikavuta pumzi, nikajiuliza moyoni wa wapi, nikaanza ufukweni nikaenda mpaka kina kirefu, zana moja baada ya nyingine. Nimepata kazi. Nasema kwa kifua, nimepata kazi!

Kwa hiyo vijana wenzangu acheni kujiita wasahaulifu. Acheni kununua programu za simu za kuongeza akili, unakuwa hodari wa ule mchezo tu. Fungeni madaftari, jiulizeni, kila kitu kipeni mahali pake, na vaeni nguo mliyoizoea ili shingo isiwasumbue mbele ya paneli.

Na wewe mdogo wangu wa meseji, Jumamosi nitakuwa Kirumba, mwaloni pale, kuanzia saa nne asubuhi. Njoo na daftari lako, nitalishika mimi.